Bloku 37 haikuwa mbovu

Bodi hii ndogo ya kompyuta hupima joto la friza ya barafu ya wavuvi hapa Amu, hatua chache tu kutoka majini. Asubuhi moja iligoma kuwaka. Keneli ya Linux, kiini cha mfumo wake, ilikuwa ikimwaga mistari ya kudai bloku ni mbovu, mamia kwa mamia:

`Bad eraseblock 37 at 0x0000004a0000`

Chipu yake ya kumbukumbu ni NAND ya MB 128, iliyogawanywa bloku 1,024, na kiwanda huruhusu mbovu zisizozidi 20. Mwenye friza akanambia, "Fundi, si chumvi hiyo? Weka chipu nyingine." Chumvi ya huku hula lehemu, sikatai. Lakini kitambulisho cha chipu kilisomeka sawasawa, na mguu ukioza hata hicho huvurugika. Isitoshe, jana yake nilikuwa nimeweka toleo jipya la draiva (programu inayoongoza chipu), niliyoiandika mimi mwenyewe.

Kabla ya yote: usiguse amri ya `nand scrub`. Hufuta alama za kiwandani za bloku mbovu, na hazirudi.

Hatua ya 1: soma baiti mbichi. Zima ECC (misimbo ya kusahihisha makosa):

`nanddump --noecc --oob --bb=dumpbad -c -s 0x4a0000 -l 2048 /dev/mtd0`

Hakikisha kwanza draiva yako inajua kusoma mbichi kweli. Nyingine hujifanya tu.

Hatua ya 2: piga hesabu ya mpangilio wa baiti. Hapa ndipo penye kazi. Kiwanda huweka alama kwenye baiti ya kwanza ya eneo la akiba (OOB) mwishoni mwa ukurasa, yaani baiti ya 2048 ukihesabu kuanzia 0, katika ukurasa wa kwanza au wa pili wa bloku. Baiti hiyo ikiwa si 0xFF, bloku ni mbovu. Sasa kidhibiti changu cha chipu hukata ukurasa vipande vinne vya baiti 512, na kila kipande hufuatiwa na baiti 13 za ECC. Kipande kimoja basi ni 525. Vitatu ni 1575. Toa kwenye 2048, unabaki na 473: katikati ya data ya kipande cha nne! Toleo jipya la draiva lilikuwa likisoma joto la friza lililohifadhiwa humo na kuliita alama ya ubovu. Toleo la zamani lilichungulia baiti ya 2100, ambako hakuna alama yoyote, kwa hiyo halikuona bloku mbovu hata moja. Hilo nalo ni kosa, ila lilikuwa kimya.

Hatua ya 3: tenga bloku nzima na mbovu. Kila bloku inayoshukiwa, isome tena ECC ikiwa imewashwa. Ikisahihishika, ni data halali. Jihadhari na ukurasa wa sufuri tupu: katika BCH (aina ya ECC) ya kawaida sufuri zote huhesabika kuwa sahihi, kwa hiyo bloku ya hivyo niliiacha kwenye orodha ya mbovu.

Hatua ya 4: andika jedwali la bloku mbovu. Weka `nand-on-flash-bbt` kwenye device tree (maelezo ya vifaa vya bodi), na ndani ya draiva `NAND_BBT_NO_OOB`, ili saini ya jedwali ikae kwenye data. Bloku 4 za mwisho ziwe tupu, maana jedwali hukaa humo. Kwa uwashaji mmoja tu, nilikifanya kipande cha msimbo wa draiva kinachokagua bloku kifuate kanuni ya hatua ya 3; jedwali lilipokwisha kuandikwa, nikakiondoa.

Nilipowasha tena zilibaki bloku 3. Ya 37 haikuwamo, na friza ilianza kutuma joto lake kabla ya adhana ya alasiri.