Kutoka mlangoni hadi rafuni: kupokea na kutunza vifaa vya kale katika makumbusho ya mji mdogo

Mzee akileta zeze la marehemu baba yake saa tatu asubuhi, liwe limeshaandikwa kabla hajaaga. Kusafisha, kupiga picha na kutafuta nafasi rafuni kunaweza kungoja wiki nzima, lakini habari haingoji. Zeze lisilo na jina la mpigaji, kijiji alichotoka wala shughuli lililopigwa linabaki kibuyu chenye nyuzi, na mwenye kumbukumbu akishafariki hakuna fundi wa kulirudishia hayo.

Kwanza uliza kitu ni mali ya nani. Vifaa vya matambiko na vya kuombea mvua mara nyingi ni vya ukoo, na aliyekileta huenda ni mjukuu aliyekikuta tu ndani ya nyumba. Omba mzee mwingine wa ukoo aje kuthibitisha. Hati ya makabidhiano iwe ukurasa mmoja, nakala mbili: jina la mtoaji, kijiji, maelezo ya kitu, anatoa moja kwa moja au anaazimisha mpaka tarehe gani, anaruhusu kipigwe picha na kuoneshwa au la, sahihi au dole gumba, na shahidi. Usipokee cha kuazima kisicho na tarehe ya mwisho. Ugomvi huanzia hapo: mtoaji anafariki, watoto wanakuja kudai, na hakuna karatasi ya kuamulia.

Vipo vya kukataa. Kilichochimbwa ardhini, au kipande cha mwamba wenye michoro ya kale ya Kondoa, mkoani Dodoma, usikinunue hata kwa shilingi elfu moja, maana ukilipa leo kesho watachimba zaidi. Michoro ile imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo. Andika mahali kilipopatikana, kisha toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Meno ya tembo, ngozi ya chui na nyara nyinginezo zisizo na kibali ni suala la ofisi ya wanyamapori. Usiziingize ndani hata kwa muda.

Mishale ichukulie yote kuwa ina sumu. Sumu ya msunguti iliyopakwa kichwani mwa mshale hubaki na nguvu kwa miaka mingi, na mchubuko mdogo unatosha kuipitisha. Vaa glavu, funika ncha kwa bomba la plastiki gumu, andika SUMU kwenye lebo, na usifute ule utomvu mweusi. Podo nalo liguswe kwa tahadhari hiyo hiyo, maana ndani yake hubaki mabaki ya sumu.

Kaunta buku na namba

Sajili iwe kaunta buku yenye jalada gumu, si karatasi za kubandika na si kompyuta peke yake. Kompyuta iwe nakala. Safu zake: namba, tarehe, jina la kitu kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtoaji, kimetengenezwa kwa nini, vipimo kwa sentimita, hali yake, aliyekileta, aliyekitengeneza, kilitumika wapi na lini, na rafu kilipo. Jina la Kigogo au Kirangi liandikwe kama mzee anavyolitamka, usilisahihishe. Kwa Kisandawe rekodi sauti kwa simu, kwa sababu lugha hiyo ina sauti za kidoko, zinazopigwa kwa ulimi, ambazo herufi zetu hazizibebi. Ukikosea usifute kwa wino mweupe. Piga mstari mmoja, sahihisha pembeni, weka tarehe.

Namba iwe mwaka, nukta, mfuatano: 2025.14 ni kitu cha kumi na nne kilichoingia mwaka huo. Zeze na uta wake ni 2025.14a na 2025.14b, kwa sababu siku vikitengana ndiyo siku mtasahau vilikuwa pamoja. Namba ya kitu kilichopotea au kurudishwa haitumiki tena kamwe.

Kuandika namba juu ya kitu ndiko kunakoharibu vingi. Kalamu ya bolpeni hupenya kwenye mti, selotepu huacha gundi, na rangi ya kucha hugeuka njano na kubanduka. Kwa mti mgumu, chuma au chungu kilichochomwa vizuri, yeyusha gramu 20 za Paraloid B-72 (plastiki angavu inayotumiwa na makumbusho kama vanishi) kwenye mililita 100 za asitoni, paka sentimita mbili mahali pasipoonekana, acha ikauke, andika kwa wino mweusi usiofutika, kisha paka tena juu. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi na mbali na moto. Ukikosa Paraloid, funga lebo ya karatasi nzito kwa uzi wa pamba na uandike kwa penseli. Ngozi, ukili, shanga na kibuyu laini vipewe lebo ya uzi tu. Nguo ishonewe kipande cha utepe wa pamba chenye namba.

Wadudu, na kazi ya friza

Kitu kipya kikae chumba cha pembeni, juu ya karatasi nyeupe, kwa wiki tatu. Ukiona unga mpya mweupe chini yake, au matundu yenye kingo safi, bungua wako hai. Unga wa zamani huwa umefifia na kuchanganyika na vumbi. Ngozi ikiwa na mabuu yenye manyoya, au maganda yake, nayo ina wadudu.

Usipulizie dawa ya mbu, usipake oili chafu wala mafuta ya taa. Oili chafu hutumika kuzuia mchwa kwenye nguzo, lakini kwenye kigoda huacha doa la milele, hunasa vumbi, na huongeza hatari ya moto. Mbinu salama ni baridi.

Funga kitu kwa kitambaa cha pamba, kitie kwenye mfuko mzito wa nailoni, toa hewa, kaza. Ule mfuko wa ndani wa gunia la kuhifadhia mahindi bila dawa, unaouzwa duka la pembejeo, unafaa sana. Usidhani mfuko wenyewe utaua bila friza: ndani ya gunia ni mahindi na wadudu wanaomaliza hewa, kigoda kimoja hakiwezi. Washa friza mapema ifike nyuzi 20 chini ya sifuri, ndipo uingize, na uache nafasi kati ya mifuko. Baridi ikishuka taratibu wadudu huizoea na kupona. Acha wiki mbili kamili. Umeme ukikatika na kipimajoto kikapanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua juu ya kitu chenyewe.

Ngoma yenye ngozi iliyokazwa, picha za rangi ya mafuta, pembe na meno visiingie friza. Hivyo vichunguze kila wiki na kuvisafisha kwa brashi laini.

Rafuni

Rafu ya chuma ni bora kuliko ya mbao. Iinue sentimita 15 kutoka sakafuni na iache sentimita 10 kutoka ukutani, ili njia za udongo za mchwa zionekane kabla hazijafika juu. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma huleta vumbi jekundu kila mahali. Funika kila rafu kwa marikani iliyofuliwa kwa maji ya moto ili wanga utoke, kwa sababu wanga ni chakula cha mende. Usifunike kwa plastiki wakati wa mvua, jasho litakaa ndani.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini tu. Ngeu, yaani udongo mwekundu, iliyopakwa kwenye vazi la ngozi, masizi kwenye chungu na maziwa yaliyogandia ndani ya kibuyu ni sehemu ya kitu. Ukiosha unafuta matumizi yake. Mafuta ya nazi kwenye ngozi kavu huilainisha kwa muda tu, baadaye hunasa vumbi.

Nguo, ukili na picha zisipate mwanga zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Mti na chuma zinavumilia 200. Programu ya simu itakupa kipimo cha kukadiria. Bati la plastiki linalopitisha mwanga juu ya ukumbi lifunikwe, maana rangi iliyopauka hairudi.

Nyuzi za zeze zilegezwe kidogo, zisitolewe kabisa. Kabla ya kulegeza, mpe mzee alipige, urekodi, kisha andika jina la faili kwenye mstari wa zeze hilo katika kaunta buku.

Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza, panda juu ya paa. Safisha mifereji, kaza misumari ya bati, halafu rudi ndani uhakiki kaunta buku: chagua namba kumi bila mpangilio ukavitafute vitu rafuni, kisha chukua vitu kumi rafuni ukazitafute namba zake kitabuni.