Somo: Maharage, ndimu na ile chai ya saa ya chakula

Bazazi na bawalimu wenzangu, wengi mumeniomba niandike hii somo ya upungufu wa damu nilifanyaka na watoto wa kilasi ya tano hapa Bukavu, basi naiweka yote, mwenye ako na swali aulize chini. Mimi niko mwalimu na niko reko (mjitolea wa afya) wa kartiye, si daktari, mambo ya dawa nitawarudisha kwa daktari kila mara.

Kwanza mujue imetokea wapi. Binti yangu alikuwa anasinzia kilasini, mwalimu wake akaniita akasema huyu ni muvivu, na mimi nikamuchapa (mpaka leo inaniuma). Kumbe damu ilikuwa kidogo, juu mwili ulikosa chuma, yale madini ya chakula yanayotengeneza damu. Nikamununulia juisi ya beterave (bitiruti) miezi miwili, huku mchana tunakula bugali na maharage na tunashushia kikombe kikubwa cha chai nyeusi, kila siku ya Mungu. Chai ndiyo ilikuwa inatuangusha, pamoja na minyoo.

HATUA YA 1: Angalia mtoto. Vuta kope ya chini, ndani pawe pekundu, kama pamepauka ni alama. Angalia viganja na ulimi. Mtoto anayesimama mara tatu kuhema akipanda milima yetu ya Kadutu wakati wenzake wamefika, ama anakula udongo na pemba (ule udongo mweupe) kwa siri, musimuchape, mumupeleke wapime damu. Macho peke yake haitoshi, iko mtoto anaonekana muzima na laboratwari inasema ingine.

HATUA YA 2: Fanya mchezo wa chai mbele ya kilasi. Hii ndiyo watoto hawasahau. Chukua glasi mbili za chai nyeusi isiyo na maziwa, ingine uiache, ingine utie kidonge kimoja cha chuma (ile wanaita fer kwa hospitali) ulichokisaga. Ukoroge, ungoje. Inageuka nyeusi kama wino! Waambie: chuma cha chakula na chai vimeshikana hivyo hivyo tumboni, mwili hauwezi kukipata vizuri, kinatoka na choo. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma cha maharage na majani. Kahawa pia. Lakini vidonge vikae mfukoni mwa mwalimu, glasi umwage mwenyewe, mtoto asionje, juu chuma kingi kinaua mtoto mdogo kweli kweli.

Si kusema muache chai, nani ataacha chai Bukavu na baridi hii. Munywe saa moja ama mbili mbali na chakula, basi. Maziwa pia yasiende pamoja na sahani ya maharage.

HATUA YA 3: Maharage. Gramu 100 za maharage yaliyoiva ziko na chuma miligramu 2 hivi, na mtoto wa miaka 9 mpaka 13 anahitaji kama 8 kwa siku, na kile cha mimea mwili unachukua sehemu ndogo tu, kwa hiyo tusaidie. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mapya. Inapunguza vitu vinavyofunga chuma na makala (makaa ya kupikia) inatumika kidogo, mama anafaidi mara mbili. Kuko pia maharage yaliyozalishwa yawe na chuma kingi, watu wa INERA (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mulungu kule Kabare wameyafanyia kazi, ukipata mbegu panda.

HATUA YA 4: Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Nyama ni bei, tunajua. Lakini samaki kidogo ndani ya maharage inafanya kazi mbili, iko na chuma chake na inavuta kile cha maharage kiingie damuni. Kaanga sambaza kavu bila mafuta, toa mchanga, twanga mpaka unga, tia vijiko viwili ndani ya sufuria dakika za mwisho. Mtoto hataona hata macho ya samaki. Ndagala za Uvira pia ni sawa. Siku ukipata maini ya kuku, usiyaachie papa (baba) peke yake hahaha.

HATUA YA 5: Ndimu. Kamua kwenye sahani, SI kwenye sufuria, moto unaua vitamini C. Kama hakuna ndimu, pera, chungwa, papai ama nyanya mbichi.

HATUA YA 6: Minyoo. Iko ile inaingia kwa nyayo, inashika utumbo na kunyonya damu. Kandambili, choo, na dawa siku wanapokuja kugawa ekole (shuleni). Ukijaza pipa lenye tundu utajaza mpaka lini?

MASWALI

Mama wa mapacha, Bagira: Yaya, na beterave je? Kila mtu anasema inaongeza damu, na mafuta ya mawese pia juu ni nyekundu.
Jibu: Mama, rangi inatudanganya. Beterave iko na chuma kidogo kuliko maharage. Mawese hayana chuma cha maana ila yana vitamini A, na hiyo inasaidia mwili kutumia chuma, kwa hiyo endelea kutia kwenye sombe (majani ya muhogo yaliyopikwa).

Papa wa Panzi: Jirani anawapa batoto maji ya majani ya muhogo mabichi, anasema ni damu safi.
Jibu: Hapana papa, mwambie aache leo. Majani mabichi yana sumu. Sombe itwangwe, ichemke muda mrefu, chungu wazi.

Mama mmoja, Nguba: Wangu ana miaka 8, walipima hemoglobini ya damu wakapata 11.2 (gramu kwa desilita), muganga akasema ni sawa.
Jibu: OMS (Shirika la Afya Duniani) inahesabu chini ya 11.5 ni upungufu kwa miaka 5 mpaka 11, na hiyo ni ya watu wa usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,500, huku juu mstari unapanda zaidi. Rudi umuulize tena, kwa heshima lakini uulize.

Mwalimu wa Ibanda: Niwape kilasi yote siro (dawa ya maji) ya chuma?
Jibu: Usifanye. Hapa kwetu kuna watoto SS (wenye selimundu), damu yao inapungua kwa sababu ingine na chuma kinaweza kuzidi, na malaria nayo inamaliza damu. Apimwe kwanza.

Mama wa Kadutu: Binti yangu ana 14, ameanza mwezi, anakula sawa na kaka yake.
Jibu: Huyo ndiye umuangalie zaidi, kwa umri huo anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku na mvulana wa umri huo miligramu 11. Kama sambaza ni kidogo, yeye ndiye aongezewe, hata kama kaka atanuna.

Mama wa Kadutu: Aksanti. Atanuna kweli.