Hita ya maji haipashi? Fungua uone kabla hujanunua nyingine

Mwezi wa saba mwaka jana mama mmoja wa Kigamboni alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. "Fundi, hita imekufa. Nitajie bei ya mpya niinunue leo leo." Nikamwomba anisubiri nifike kwanza. Ilikuwa hita ya lita 50, ina miaka minne tu ukutani. Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta kitufe chekundu cha thamostati, kifaa kinachopima joto la maji na kukata umeme, kimeruka. Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kukibonyeza. Akasema kijana wake hukibonyeza karibu kila wiki, na maji yanapata moto kama kawaida.

Kitufe kile hakiruki bure. Kimewekwa kukata umeme pale joto ndani ya tangi linapopita kiasi. Ukikibonyeza bila kujua kwa nini kiliruka, umeinyamazisha hita iliyokuwa inakuita. Kwa hiyo naandika hatua ninazofuata mimi mwenyewe, ili hata ukiita fundi ujue anachopaswa kufanya.

Anza na vitu ambavyo havihitaji bisibisi. Angalia LUKU kama ina uniti, na sakiti breka ya hita kama imeshuka. Halafu tazama taa ya kwenye swichi. Kama breka inashuka kila unapowasha, usiilazimishe kubaki juu, kwa sababu kuna umeme unaovuja au nyaya zimegusana. Na kama umewahi kusikia mkono ukiwasha unaposhika bomba la bafuni, zima hita sasa hivi na mtu yeyote asioge hadi ipimwe. Hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi.

Sasa kuzima. Swichi ya ukutani peke yake usiiamini. Mwaka wangu wa tatu kazini nilizima swichi ya hita kwenye nyumba moja ya Tabata, taa ikazimika, nikaingiza mkono. Umeme ulinitupa kwenye ukuta wa bafu na bega liliniuma wiki mbili. Aliyefunga ile swichi aliipitisha kwenye waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, waya wa moto ukaenda moja kwa moja kwenye hita. Tangu siku hiyo nazima sakiti breka, natoa taarifa kwa kila aliye ndani asiiguse, kisha napima. Naweka kwanza maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi ninayojua ina umeme, isome volti 230 au karibu na hapo. Nahamia kwenye hita: moto na nyutro, moto na athi (waya unaoingia ardhini), nyutro na athi. Zote zikisoma sifuri narudi tena kwenye ile soketi, nihakikishe maltimita haijafa katikati ya kazi. Kama huna maltimita, ishia kwenye breka na umwite fundi. Bisibisi ya tesa haitoshi kwa kazi hii.

Kipimo cha elementi, kile chuma kinachopasha maji, ni rahisi, na ndicho kinachookoa pesa. Chomoa nyaya zake mbili, weka maltimita kwenye omu, gusa ncha zote mbili za elementi. Ya wati 1500 inatakiwa isome karibu omu 35, ya wati 2000 karibu 26. Ikionyesha hakuna njia kabisa, elementi imekatika, inabadilishwa. Ikisoma vizuri usishangilie bado: panda kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, ncha moja iguse pini ya elementi na nyingine iguse chuma cha tangi. Hapo maltimita isionyeshe namba yoyote. Ikionyesha, elementi imetoboka na inavujisha umeme kwenye maji unayooga. Itaendelea kupasha vizuri tu, na ndiyo maana ni hatari. Maltimita ya kawaida hukamata uvujaji mkubwa. Uvujaji mdogo unataka mega, kipimo maalumu cha kukagua uvujaji wa umeme, na fundi makini anayo.

Elementi ikiwa nzima, hamia kwenye thamostati. Maji yakiwa ya baridi na kirungu cha kuchagua joto kikiwa juu, kila njia ya umeme ndani yake isome karibu na sifuri. Isiposoma, bonyeza kitufe chekundu mpaka usikie kinalia, upime tena. Ikigoma, thamostati imekwisha. Inachomoka bila hata kumwaga maji, maana fimbo yake hukaa ndani ya mrija wake. Nunua yenye fimbo ya urefu uleule na ampea zilezile.

Ya yule mama vyote vilisoma sawa. Nikajua ni ukoko.

Wanaotumia maji ya kisima pwani wanaelewa. Ukichemsha maji yale, sufuria inabaki na utando mweupe. Ndani ya hita utando huo huganda kwenye elementi, mwaka hadi mwaka, mpaka unakuwa kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Joto linashindwa kutoka kuingia kwenye maji, linabaki pale chini ulipo mrija wa thamostati, na kitufe kinaruka. Dalili nyingine ni mlio: hita inanguruma kama birika karibu na kuchemka.

Kuisafisha lazima umwage maji. Hapa wengi wanakwama, wanafungua bomba la moto na kusubiri. Maji hayatoki yote, kwa sababu bomba la moto huchota juu ya tangi. Funga maji yanayoingia, fungua bomba la moto la bafuni ili hewa ipite, kisha toa maji kwa upande wa baridi, wenye duara la buluu, kwa kuinua kikono cha valvu ya usalama au kufungua muungano wake. Kama hita ilikuwa inafanya kazi, iache ipoe kwanza, ikibidi usiku mzima. Kisha legeza nati za sahani ya chini, ndoo ikiwa tayari, na ushushe elementi polepole.

Ya Kigamboni ilitoka nene kama gunzi la muhindi. Chini ya tangi nilichota vipande vyeupe kwa mkono, vikajaa bakuli. Nikailaza elementi kwenye siki kwa saa tatu, ncha za nyaya zikiwa nje, ukoko ukalainika na kutoka kwa brashi. Usiugonge kwa nyundo, ganda la elementi linapasuka. Pembeni yake kuna fimbo ya magnesiamu. Hiyo huliwa na kutu badala ya tangi, na maji ya chumvi huila haraka. Yake ilibaki waya mtupu, nikafunga mpya na mpira mpya wa kuzibia. Usirudishe mpira wa zamani, utavuja tu. Nati zikaze kwa kupishana, huku kidogo, kule kidogo.

Kuhusu kuvuja: matone kwenye valvu ya usalama wakati hita inapasha ni kawaida, maji yakipata moto hutanuka. Nimekuta watu wameiziba kwa plagi kwa sababu ya hayo matone. Nakuomba sana, usifanye hivyo hata kwa siku moja. Thamostati ikigoma kukata, tangi lililozibwa linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Yaongoze matone kwa mpira hadi kwenye shimo la maji machafu. Tangi lenyewe likitoboka, hapo ndipo ununue hita nyingine.

Kabla hujafunga kifuniko, kagua waya wa athi, ule wa kijani na njano. Uwe umebanwa kwenye chuma cha hita na uwe unafika kweli kwenye fimbo iliyozikwa ardhini nje ya nyumba. Kama nyumba haina athi, au swichi imefungwa kwenye nyutro kama ile ya Tabata, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, arekebishe kwanza.

Jaza tangi kabla ya kuwasha. Acha bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema hewa. Elementi ikiwaka ndani ya tangi tupu huungua kwa dakika chache, na kazi yako yote imepotea. Kagua kama panavuja, funga kifuniko, washa, weka nyuzi 60, kisha tazama saa na LUKU. Lita 50 kwa wati 1500, kutoka nyuzi 25, huchukua kama saa moja na dakika ishirini na kula uniti mbili hivi. Ya yule mama ilikata yenyewe baada ya saa moja na nusu, bila kunguruma. Nimemwandikia tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, tuifungue tena baada ya mwaka mmoja.