Kabla ya Kununua Unga wa Kushusha Sukari

Unga wa mlonge, uwatu, mdalasini, vidonge vya kromiamu: ukizunguka soko la Mwanjelwa, Mbeya, hukosi anayekuapia kwamba dawa yake inamaliza kisukari. Kabla ya kutoa hela, pima sukari ya damu. Bila namba ya mwanzo hutajua kama kilichokushusha ni unga au ni soda uliyoacha.

Nenda zahanati au kituo cha afya asubuhi, ukiwa umekaa saa 8 au zaidi bila kula, maji tu yanaruhusiwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ni eneo la hatari, 7.0 na kuendelea ni kisukari, ila asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine.

Wenye mashine ya kupimia sukari nyumbani, baridi ya huku ina mambo yake. Mashine nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 10 hivi (kijitabu chake kitakwambia), na asubuhi ya Juni kule Makete mashine iliyolala dirishani hugoma. Iache ndani ipate joto kwa nusu saa, lakini usiisogeze kwenye jiko la mkaa. Osha mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha ikaushe: umenya ndizi mbivu sasa hivi, utapima sukari ya ndizi. Maji ya vuguvugu pia huleta damu kidoleni. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, na usikamue kwa nguvu. Kopo la vistripi vya kupimia lifunge papo hapo, maana unyevu wa mahali kama Tukuyu huviharibu. Vitamini C ya dozi kubwa nayo hufanya baadhi ya mashine zisome juu kuliko ukweli.

Sasa hivyo vya kununua. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu walio kwenye hatari, yuniti 4,000 kila siku; matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti ya maana na vidonge visivyo na dawa. Kromiamu, ushahidi wake ni dhaifu. Mdalasini unaouzwa sana ni wa aina ya kasia, na una kumarini inayoweza kuumiza ini: kijiko kimoja cha chai kila siku kinaweza kumvusha mtu wa kilo 60 kiwango salama. Kuunga chai hakuna neno. Uwatu unaweza kushusha sukari kidogo, na hapo ndipo penye mtego kwa anayemeza glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari: viwili vikikutana, sukari inaanguka. Zipo pia dawa "za asili" zilizokutwa zimechanganywa kisirisiri na dawa za hospitali, kwa hiyo unga unaoshusha sukari ndani ya siku moja utilie shaka. Shubiri iache, inaharisha.

Ukishaamua kujaribu, jaribu kimoja tu, kwa wiki 8 hivi, ukiandika kipimo cha asubuhi kwenye daftari. Usihamie dona na kuanza unga wa dawa wiki hiyo hiyo. Dawa ya hospitali usiiache.

Kilichothibitika ni kingine. Utafiti wa Marekani wa 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki: hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, metformini, dawa ya kisukari, ikapunguza 31. Mwenye kilo 80, hizo ni kilo 5 na nusu hivi. Kwenye sahani, ugali, wali wa Kyela au viazi mviringo vibaki robo. Viazi ni wanga, si mboga, hata vikiungwa na nyama. Nusu iwe figiri, mnavu au majani ya maboga, robo maharage au samaki. Ulanzi (pombe ya mianzi) mtamu wa msimu wa mvua nao uhesabu kama sukari.

Ukitetemeka, jasho likakutoka na mashine ikasoma chini ya 3.9, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula, kisha nenda kliniki na kopo la hicho unachojaribu mkononi.