Ufunguo wa gari ukigoma kuzunguka

Kwanza weka plaizi pembeni, hata kama wapita njia wote wa Kariakoo wanakushauri uitumie. Ufunguo ukikatikia ndani, umejiongezea kazi. Mara nyingi gari halina ubovu wowote, ni stelingi tu imejiloki.

1. Shika stelingi kwa mkono wa kushoto, ufunguo kwa wa kulia. Jaribu stelingi pande zote mbili. Upande mmoja unagota kabisa, mwingine unacheza kidogo. Ivutie kwenye huo unaocheza, ishikilie hapohapo, ndipo uzungushe ufunguo taratibu. Kama tairi la mbele limebanana na ukingo wa barabara, itabidi uvute kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ni ya stelingi, ufunguo usiulazimishe.

2. Kama ufunguo unagoma kurudi ili uuchomoe, angalia gia. Otomatiki nyingi haziachii ufunguo mpaka gia iwe P.

3. Bado? Jaribu ufunguo wa akiba. Ukizunguka, wa kila siku umelika. Ndani ya kitasa kuna vibamba vyembamba vyenye springi, na kila jino la ufunguo hupanga kibamba chake. Kimoja kikibaki juu kidogo tu, kitasa hakizunguki. Kama huna wa akiba, sukuma ufunguo mpaka mwisho, kisha urudishe nje kidogo mno huku ukijaribu kuzungusha. Ukikubali hapo, nenda kachongeshe mwingine mapema, ila usichonge kwa kufuatisha huo uliolika, utapata nakala ya ubovu uleule. Kama una kile kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, mpe fundi achonge kwa namba.

4. Vumbi nalo hukamatisha vibamba. Sugua penseli laini ya 2B kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, ufute, urudie. Oili ya injini hapana: ikikutana na vumbi la huku Dar inakuwa tope.

5. Yote yakishindikana, kitasa kimekufa. Cha mtumba utakipata mtaa wa Gerezani hapa Dar, lakini kinunue na ufunguo wake, na uujaribu palepale dukani. Fundi achomoe betri kabla ya kufungua. Gari likiwa na imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu iliyo ndani ya ufunguo), ahamishe chipu ya ufunguo wako wa zamani kwenye huo mpya. Bila hivyo ufunguo utazunguka vizuri kabisa na injini haitawaka.