Namna ya kula katika mgahawa wa kienyeji wa Vienna wakati watu wamejaa

Mwongozo huu ni kwa wageni wanaofika Vienna kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa, kwa mafunzo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki au kwa masomo, na ambao wangependa kula chakula cha Kiaustria mahali wanapokula wenyeji. Nimewasindikiza wengi wao, na karibu wote hukwama kwa namna ileile: wao wanamsubiri mhudumu aanze, na mhudumu anawasubiri wao. Mgahawa wa aina hii huitwa Beisl au Gasthaus, na una utaratibu wake ambao hakuna atakayekueleza mlangoni.

Hatua ya 1: Chagua mahali na uweke nafasi

Wageni wengi huenda Figlmüller, nyuma ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1905 na unaosifika kwa schnitzel, kipande chembamba cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, inayozidi ukingo wa sahani. Chakula chake si kibaya, ila foleni ni ndefu, na mimi nisingepanga foleni kwenye baridi kwa ajili ya nyama ya kukaanga ilhali wilaya ya 7 na ya 8 zina Beisl nzuri zenye wateja wa mtaani. Piga simu mapema kwa chakula cha jioni cha Ijumaa na Jumamosi, na uulize siku ya mapumziko, kwa kuwa migahawa mingi ya kifamilia hufungwa siku moja au mbili kwa wiki. Kama bajeti ni ndogo, nenda mchana siku ya kazi na uagize Mittagsmenü, yaani supu na chakula kikuu kwa bei ya pamoja iliyo nafuu.

Hatua ya 2: Ingia, keti, agiza kinywaji

Salimu "Grüß Gott" unapoingia. Meza yenye kibao cha "Reserviert" imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini kibao kikionyesha saa moja usiku nawe umefika saa kumi na moja, uliza, maana huenda ukaruhusiwa kukaa hadi wakati huo. Palipojaa si ajabu kuketi meza moja na watu msiojuana: uliza "Ist hier noch frei?" kisha ukae. Mhudumu ataanza na kinywaji, kwa hiyo uwe na jibu. Asiyekunywa pombe aombe Almdudler, soda ya mitishamba ya huko, au maji ya tufaha yaliyochanganywa na maji ya gesi, "Apfelsaft gespritzt".

Hatua ya 3: Jua ni nyama gani na imekaangwa kwa mafuta gani

Hapa ndipo pa kutulia, hasa kwa Mwislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Kwa kanuni za chakula za Austria, kinachoitwa Wiener Schnitzel bila maelezo mengine ni lazima kiwe nyama ya ndama. Ukiona "vom Schwein", hiyo ni nguruwe, na "Wiener Art" kwa kawaida ni nguruwe pia; bei ya chini ni dalili. "Pute" ni bata mzinga na "Huhn" ni kuku. Hata hivyo kujua nyama hakutoshi, kwa sababu jiko la kienyeji huweza kukaanga kwa mafuta ya nguruwe, na kikaango kimoja huweza kupitisha ndama na nguruwe kwa zamu. Swali la kuuliza ni hili: "Wird das in Schweineschmalz gebacken?" Ukijibiwa ndiyo, acha vyote vilivyokaangwa, pamoja na kuku wa Backhendl.

Usizitegemee zile herufi ndogo A, C, G na nyinginezo zilizo pembeni ya majina ya vyakula. Hizo hutaja vitu vinavyoleta mzio, kama gluteni, mayai na maziwa, wala hazikuambii lolote kuhusu nguruwe au pombe. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, "Speck", hujificha ndani ya madonge ya mkate na mara nyingine juu ya tambi za jibini. Saladi ya viazi ya Vienna, ambayo mla mboga huiamini kwa macho, kwa kawaida hulainishwa kwa supu ya ng'ombe. Zabibu kavu zilizo ndani ya Kaiserschmarrn, chapati nene tamu iliyochanwa vipande, huweza kuwa zimelowekwa katika ramu. Asiyekula ila nyama ya halali ni heri aagize samaki, "Forelle" au "Zander", na aombe akaangwe kwa siagi.

Hatua ya 4: Kula

Schnitzel haina mchuzi. Kamulia limau, basi. Lakini kama hujafungwa na masharti ya halali, ushauri wangu ni Tafelspitz, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu, kwani schnitzel utaipata kila mahali. Panapofuatwa mila huletwa ndani ya sufuria: kwanza unakunywa supu, kisha unagonga mfupa ili uboho udondokee juu ya kipande cha mkate mweusi uliobanikwa na kuutia chumvi, na nyama unaimalizia na viazi pamoja na tufaha lililokunwa na Kren, mzizi mkali unaopanda hadi puani.

Hatua ya 5: Lipa

Bili haiji yenyewe. Kukuletea bila kuombwa ni kama kukufukuza, hivyo unaweza kusubiri hadi taa zizimwe. Mtazame mhudumu aliyekuhudumia na useme "Zahlen, bitte". Atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake, "zusammen oder getrennt", na kulipa kila mtu chake si aibu hata kidogo. Vipande vya mkate vilivyokuwa kikapuni mezani huhesabiwa, kwa hiyo taja ulivyokula.

Bakshishi ni kati ya asilimia 5 na 10, na haiachwi mezani. Unataja jumla unayotaka kulipa: bili ikiwa yuro 27.40, unasema "dreißig", yaani thelathini, naye anachukua 30 na kukurudishia inayobaki. Ukilipa kwa kadi, itaje kabla hajaingiza kiasi kwenye mashine. Beba pesa taslimu pia, kwani baadhi ya Beisl hazipokei kadi. Risiti uichukue na utoke nayo: tangu mwaka 2016 sheria inamtaka mfanyabiashara akupe na wewe uipokee, na anayerejeshewa gharama za safari na ofisi yake ataihitaji.