Jinsi ya kuomba shauri lako lisikilizwe kwa dharura, Unguja na Pemba

Watu wameingia shambani na misumeno ya moto, mikarafuu inalala, na wewe umeambiwa kesi hupangiwa tarehe baada ya wiki kadhaa. Tarehe hiyo ikifika hakutakuwa na mti wa kugombania. Kwa mambo ya aina hii mahakama ina njia ya haraka: jaji huachishwa orodha yake ya siku, au huitwa siku ya mapumziko, akasikiliza ombi lako kabla madhara hayajatimia. Lakini jaji haitwi kwa mdomo wala kwa machozi. Anaitwa kwa karatasi, na katika karatasi zote atakazoletewa, ile anayoanza kuitazama ni hati ya dharura. Humo anatafuta kitu kimoja: wakati. Jambo hili litatokea lini, na kwa nini haliwezi kungoja?

Kwanza pima kama ni dharura kweli

Kipimo ni hiki. Kama shauri litasikilizwa kwa foleni ya kawaida, je, siku hiyo patabaki kitu cha kuamuliwa? Nyumba inayopigwa mnada keshokutwa, chombo kinachong'oa nanga bandarini Malindi na mdaiwa hana mali nyingine hapa, mtoto ambaye mzazi mmoja ameshamkatia tiketi ya kuondoka, mali ya marehemu inayouzwa kabla ya mirathi kugawiwa: hayo ni dharura. Deni la miaka mitatu si dharura hata kama leo ndiyo umeishiwa na subira.

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Tangazo la mnada limebandikwa tarehe 3, muombaji anafika mahakamani tarehe 19, mnada ni tarehe 20. Jaji hatauliza juu ya mnada, atauliza juu ya siku kumi na sita zilizopita. Dharura uliyojitengenezea mwenyewe kwa kukaa kimya huwa haipewi nafasi. Kama umechelewa kwa sababu ya haki, kwa mfano ulikuwa umelazwa au hukuwepo kisiwani, iandike na uambatishe ushahidi wake. Usimwachie jaji aikisie.

Dhamana ya mtu aliyekamatwa ina njia yake ya jinai, usiichanganye na haya.

Mahakama gani

Kupeleka ombi pasipo pake ni kosa linalokula muda kuliko yote, kwa sababu mwenzako atakuja na pingamizi la awali na utarudi mwanzo ilhali miti inaendelea kukatwa. Mgogoro wa ardhi, ukiwemo mpaka, umiliki na matumizi ya shamba, kwa kawaida huanzia Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu ni Mahakama ya Kadhi, kwa Sheria Namba 9 ya 2017. Mambo ya mtoto yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Madai mengine hugawika kati ya mahakama za chini na Mahakama Kuu kulingana na thamani ya kinachodaiwa. Ukiwa na shaka, muulize karani wa masjala kabla hujachapa chochote, maana jina la mahakama liko juu ya kila karatasi na ukilikosea unachapa upya zote.

Anayeishtaki Serikali au taasisi yake akumbuke kwamba sheria inataka Mwanasheria Mkuu apewe notisi kwanza. Watu wengi hukumbuka hilo wakiwa tayari mbele ya jaji. Muone wakili siku ile ile.

Wasiomudu wakili wanaweza kuanzia Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, au kwa msaidizi wa sheria aliyepo karibu nao. Msaidizi wa sheria atakusaidia kupanga maelezo na kukuelekeza. Kusimama mahakamani kwa niaba yako si kazi yake.

Karatasi

Zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mtu asifanye jambo wakati shauri linangoja kuamuliwa, halisimami peke yake. Ni lazima nyuma yake kuwe na shauri lenyewe, yaani hati ya madai. Kwa hiyo unapeleka vitu vitano kwa pamoja: hati ya madai, ombi la zuio, hati ya kiapo pamoja na vielelezo vyake, hati ya dharura, na rasimu ya amri unayoiomba. Hicho cha mwisho wengi hawakiandai. Kiandae. Jaji akikubali saa 8 mchana na rasimu ipo, amri inaweza kutoka kabla ofisi hazijafungwa. Rasimu isipokuwepo, kuchapa kunasogea kesho, na kesho huenda ikawa sikukuu.

Idadi ya seti: moja ya mahakama, moja kwa kila mjibu maombi (yule unayeomba azuiwe), na moja yako ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Wajibu maombi wawili maana yake seti nne. Ongeza moja ya akiba, kwani steshenari zilizo karibu na mahakama hazikungojei siku ya Jumamosi.

Kwenye hati ya dharura usiandike hisia. Linganisha hizi mbili.

"Shauri hili ni la dharura sana kwa sababu mjibu maombi anaharibu mali ya muombaji na muombaji ataathirika vibaya."

"Leo Alhamisi, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, watu wanne walioletwa na mjibu maombi wamekata mikarafuu 6 kati ya 41 iliyomo shambani. Msimamizi wao amemwambia muombaji, mbele ya jirani ambaye ametoa kiapo, kwamba watarudi Jumamosi asubuhi kumaliza. Mkarafuu uliokatwa haurudishwi kwa fedha ndani ya muda wa kawaida, kwani mche mpya huchukua miaka mingi kufikia mavuno kamili."

Ya kwanza ingeweza kuandikwa kwenye shauri lolote lile, kwa hiyo haimsukumi mtu. Ya pili inampa Mrajis, yaani msajili wa mahakama, sababu ya kuchukua simu: kabla ya Jumamosi asubuhi.

Hati ya kiapo ndiyo ushahidi wako, na makosa yake hayana msamaha mrefu. Andika mambo uliyoyaona na kuyajua. Lile uliloambiwa, taja aliyekuambia. La ndugu aliyeshuhudia mwenyewe, ale kiapo chake mwenyewe. Hoja za sheria na matusi viache nje. Mwishoni kuna sehemu ya uthibitisho, unapotaja aya zipi ni za ujuzi wako na zipi ni za kuambiwa, kisha pale unapoapa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mwenye idhini ya kuapisha watu, pawe na mahali, tarehe, jina lake, saini na muhuri. Mahali au tarehe ikikosekana, kiapo kizima kinaweza kutupwa. Anayeapa kama hajui kusoma, au hati imeandikwa kwa Kiingereza naye anajua Kiswahili tu, asomewe na kufasiriwa, na jambo hilo liandikwe pale pale juu ya saini. Bibi wa miaka sabini aliyeweka dole gumba kwenye kurasa sita za Kiingereza bila maelezo hayo ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

Vielelezo vipewe alama, na kila kimoja kitajwe ndani ya kiapo. Picha za simu zichapishwe, na mpigaji aeleze alizipiga lini na wapi.

Kumfikia jaji

Siku ya kazi, fika masjala asubuhi. Ofisi za Serikali hufunga saa 9:30 alasiri, na Ijumaa watu huondoka mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo faili lililofika saa 5 ya Ijumaa limeshachelewa. Karani atakagua karatasi, utapewa namba ya malipo, utalipa na kurudi na risiti. Bila risiti faili halisogei. Mwambie karani waziwazi kwamba kuna hati ya dharura na uiweke juu kabisa. Ikizikwa chini ya hati ya madai, faili linaingia kwenye foleni ya kawaida bila ya mtu yeyote kukukosea. Kisha omba lipelekwe kwa Mrajis, ambaye ndiye hupeleka mafaili kwa jaji. Wewe humchagui jaji. Kuulizia jaji fulani kwa jina kunakuharibia sifa.

Usiende nyumbani. Kaa pale pale na anayeapa awe karibu, kwa sababu ukiitwa chemba, yaani ofisini kwa jaji, na haupo, zamu yako inapita.

Kama unaona hatari itaangukia siku za mapumziko, usisubiri ofisi zifungwe. Wabomoaji wanaijua kalenda kuliko sisi: huanza Ijumaa alasiri, au mkesha wa Idi, au tarehe 11 Januari kuelekea Mapinduzi, wakitegemea kwamba mahakama imelala. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi kabla ya mapumziko, nenda ofisi ya Mrajis ukaulize ni nani anayeshughulikia mambo ya dharura siku hizo na apatikane vipi, na ukiweza acha nakala ya ombi. Simu ya saa 3 usiku kutoka kwa mtu ambaye karatasi zake ziko tayari, zimeapwa na zimenakiliwa, inapokewa tofauti kabisa na simu ya mtu anayeanza kusimulia.

Kwa Pemba fikiria bahari. Panapo uwezekano, anzia Chake Chake, na uulize mara moja kama jaji yupo kisiwani. Kama hayupo, na ombi ni lazima lipelekwe Unguja, mashahidi wako wote waape Pemba kabla hujaondoka. Wakili amewahi kuvuka na faili zuri akagundua, yuko Unguja, kwamba kiapo cha jirani hakina muhuri na jirani yuko Micheweni. Boti ya siku ile ile usiitegemee.

Mbele ya jaji

Utaulizwa kwa nini upande wa pili haujaitwa. Jibu zuri ni kwamba kuwaita kutawapa saa za kumaliza kazi. Jibu baya ni kwamba huwapendi. Kisha jaji atapima mambo matatu, ambayo mahakama za Tanzania huyataja tangu uamuzi wa Atilio dhidi ya Mbowe wa 1969: kama kuna jambo la maana la kuamuliwa kwenye shauri lenyewe, kama utapata hasara isiyofidika kabla ya uamuzi, na kama ni wewe utakayeumia zaidi zuio likikataliwa kuliko mwenzako likitolewa.

Kwa kuwa unasikilizwa peke yako, unabeba pia mzigo wa kusema yale yanayokuumiza. Kama mlishawahi kwenda kwa sheha mkasuluhishwa, sema. Kama kuna hati ya mauzo yenye saini ya baba yako, itoe hata kama unaipinga. Amri iliyopatikana kwa kuficha hufutwa mwenye habari anapofika, na kuanzia hapo kila neno lako linatazamwa kwa jicho jengine.

Ukikataliwa dharura, shauri lako halijafa. Linabaki mahakamani, omba tarehe ya karibu ya kusikilizwa pande zote mbili. Usizichukue karatasi zile zile ukajaribu bahati kwa jaji mwengine.

Amri ikitoka

Isome kabla hujatoka chemba. Iwe na majina kamili, mahali penye kutambulika (kijiji, shehia, majirani wa pande nne), kitendo kinachozuiwa, na tarehe ya kurudi. "Asifanye chochote shambani" huzaa ugomvi mpya. "Asikate wala kuondosha mti wala magogo" inaeleweka na kila mtu, hata na aliyeshika msumeno. Magogo yaliyokwisha kukatwa yatajwe, la sivyo usiku yatapakiwa.

Ipelekwe na tarishi wa mahakama, si na mwanao. Mwambie sheha ashuhudie, na tarishi aape kiapo cha kufikisha akitaja saa na aliyeipokea. Polisi watakusaidia pale tu amri inapowataja au mahakama inapowaagiza. Mtu akiipuuza, usimvamie: piga picha, andika saa na majina ya waliokuwepo, urudi mahakamani na ombi la kudharau amri.

Tarehe ya kurudi iandike mahali utakapoiona kila siku. Zuio la upande mmoja ni la muda mfupi, na muombaji asipotokea siku hiyo hufutwa. Watu wenye misumeno nao wanayo nakala yenye tarehe hiyo hiyo.